Punda wa Kari, Njia ya Aule

Jumapili, 5 Agosti 1984

Leo siku kubwa. Aule, mtoto wa dada yangu Nakal, amekuja baada ya kanisa, shati imepigwa pasi. Akasema: Mjomba, nataka kuoa Kari. Nikamwambia najua. Sikujua! Lakini mtu kama mimi hashtushwi na kijana.

Kari ni yule msichana wa Norwe, fundi wa pampu za visima. Anafanya kazi na Aule, kutoka Gotu mpaka Sericho. Mrefu kama nguzo ya simu. Nimemwona kwa macho yangu akiingia chini ya Land Rover akitoka na grisi mpaka kwa nyusi, na gari ikawaka. Na mimi si mtu wa kudanganywa juu ya gari. Niliendesha lori ya Sericho, safari moja bila breki, simba amekaa nyuma juu ya magunia, na sikusimama hata kumwambia ashuke.

Kazi ya Kari hapa inaisha mwisho wa Septemba. Wanataka kuoana huko kwao, na Aule akae huko. Kuhamia Norwe! Kuna makaratasi, kuna daktari, kuna tiketi ya ndege.

Jioni hoteli ya Halkano. Nilitangaza mbele ya watu: tiketi ni mimi! Lobokat! Mtu wa ng'ombe mia tatu! Halkano akaendelea kumimina chai tu. Akasema, mtu wa ng'ombe mia tatu, mbona kila siku unakunywa chai ya rangi? Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga sahani. Huyo Mborana ana wivu.

Mia tatu nahesabu pamoja na zile ziliibwa, na watoto ambao zingezaa. Hesabu ya haki.

Jumanne, 7 Agosti

Wamekuja wote wawili kwangu Bulapesa. Nikafikiri wanakuja kuniomba. Hapana! Walikuja kunionyesha vile wamepanga.

Kari alichora mstari kwa vumbi na kijiti. Huku Kenya, huku Norwe. Kisha mawe. Kila jiwe gharama moja. Pasipoti — jiwe la huku, atalipa Aule. Daktari wa kupima kifua — huku. Barua ya polisi kwamba yeye si mwizi — huku. Halafu kibali cha kukaa Norwe — jiwe la kule, atalipa Kari. Nyumba, ya kule. Koti ya baridi na viatu vya theluji, ya kule. Kinacholipwa kwa nchi ya mtu, mwenye nchi ndiye analipa. Nimeona wazee wakigawa nyama ya dume miaka yangu yote, kila mtu na kipande chake, mguu wa nyuma kwa mkubwa. Lakini hata wazee hugombana. Hawa hawakuinua sauti.

Mpaka jiwe la mwisho. Tiketi. Ndege inapita hewani, na hewa si ya Kenya wala ya Norwe. Kari akaweka jiwe upande wake. Aule akalirudisha kwake. Kari akalivuta tena. Jiwe lilitembea mpaka likang'aa! Aule alisema, nina madume ya baba kule Gotu, nitauza. Kari akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunja mawe: Aule, madume yako ni mifupa imevaa ngozi. Nani atanunua?

Kweli. Ukame huu wa mwaka huu, hata fisi ameshiba mpaka anachagua. Dume moja leo ni bei ya kuku.

Jiwe limebaki juu ya mstari. Nimesema kwa sauti, jiwe hilo ni langu! Wamenishukuru, wote wawili, kwa heshima sana. Usingizi haujakuja.

Alhamisi, 9 Agosti

Siku mbaya. Aule alipita hoteli kunywa chai. Halkano akamuuliza mbele ya watu: Salaam aleikum, bibi harusi! Nasikia unaolewa. Umepewa mbuzi ngapi? Yule mzungu atakubeba kama mtoto wa mbuzi, miguu inaning'inia?

Mwingine ningempiga kofi. Halkano nimezoea, yeye huchokoza watu kama wengine wanavyopumua. Lakini Aule si mtu wa utani. Alienda moja kwa moja kwa mama yake, na Nakal akaongeza chumvi kwa kidonda: mwanamume akibebwa na bibi kuvuka mto, sauti yake inabaki ng'ambo.

Sasa Aule anasema atangoja mvua, madume yanenepe, auze, ajilipie mwenyewe. Nikamuuliza, mvua gani? Na kunenepa ni kesho? Hiyo ni mwaka, labda miwili. Kari atakuwa ameenda. Msichana kama huyo, hata theluji haitamngojea.

Jumamosi, 11 Agosti

Kari amechukua gari ameenda Sericho peke yake, pampu imekufa huko. Hakumuaga Aule. Aule amekaa siku nzima ananoa kisu ambacho tayari ni kikali.

Nilienda kuwaangalia ng'ombe zangu. Sitaandika.

Ngamia yangu Jenerali yuko. Huyo hata njaa inamwogopa.

Jumatano, 15 Agosti

Wacha niandike polepole nisisahau kitu!

Leo Nakal amehamisha mbuzi zake na nyumba yake kwenda Burat, karibu na mto, kwa sababu hapa hakuna hata jani. Mimi nilikuwa nasimamia, nimekaa juu ya debe. Aule alitangulia alfajiri na fimbo kutafuta njia ya maji na kuuliza kama majirani wa huko watatukubali. Punda wanne wamesimama. Mara Land Rover hiyo, vumbi tupu. Kari! Ametoka Sericho, macho mekundu, hajalala. Hakusalimia kwa maneno. Alichukua kamba akaanza kufunga mzigo.

Amefunga vibaya. Nakal akafungua. Akamwonyesha fundo la Waturkana — fundo la kweli, mimi mwenyewe silijui, ni la wanawake. Kari akafunga tena. Sufuria ikakaa. Ngozi zikakaa. Punda wa pili Kari alimfunga peke yake, na Nakal alivuta kamba akaona haitoki, akafanya "mh." Mimi namjua dada yangu. Hiyo "mh" ni kama mwingine ametoa mbuzi.

Halafu Nakal akasimama katikati ya kazi, mkono juu ya punda. Akauliza: Lobokat, hawa punda ni wa nani?

Nikasema, ni wako. Nani hajui? Kwetu punda ni wa mwanamke.

Akasema: baba Aule alipougua homa tukihama kutoka Lodwar, nilimpandisha juu ya punda wangu, juu ya sufuria, akaja hivyo mpaka Isiolo. Nani alicheka?

Hakuna, nikasema. Nilikuwepo. Njiani tulipigana na — lakini akaninyamazisha na kidole.

Akamgeukia Kari. Akasema: mwanamke anafunga nyumba anaibeba na punda wake. Mwanamume anatangulia, anatafuta njia, anaongea na wenye nchi wamkubali. Ndege yenu hiyo ni punda tu. Lete punda wako. Aule atafute njia. Pasipoti, daktari, polisi — hiyo ndiyo njia.

Kari alikaa chini kwa vumbi. Nikafikiri jua limempiga. Alikuwa analia na kucheka pamoja, grisi na machozi vinashuka. Kisha akauliza: na mjomba, wakati wa kuhama kazi yake ni gani?

Nakal akasema: yake ni kuongea.

Wamecheka wanawake hao! Hata punda mmoja alicheka, niliona meno.

Aule aliporudi na habari kwamba maji yapo, mama yake alimwambia yote mbele ya Kari. Alienda kwa punda, akavuta kamba za Kari moja moja, zote nne. Haikutoka hata moja. Akamwambia: haya, twende.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimemmaliza Halkano! Hoteli imejaa. Nikasimama. Nikauliza: Halkano, nyinyi Waborana mkihama, nani anabomoa nyumba na kuipakia juu ya ngamia? Akasema, mama watoto. Nikauliza, na wewe unalala kwa nyumba ya nani? Akapangusa meza. Ya mama watoto! Basi, nikamwambia, wewe umebebwa tangu siku ya harusi, na miguu yako inaning'inia kuliko ya Aule!

Kelele! Mzee mmoja alipiga meza. Halkano mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, akanipa chai ya maziwa bure. Akauliza, hayo maneno makubwa umetoa wapi? Nikasema: kichwani mwangu.

Nakal hatasikia. Yuko Burat.

Jumanne, 28 Agosti

Daktari tayari, kifua cha Aule ni kizuri kama ngoma. Polisi wameandika si mwizi. Kibali cha Norwe Kari anaandikiana na watu wa kwao, na mama yake ameandika kwamba nyumba iko, na anauliza kama Aule anakula samaki. Aule anasema atajifunza. Mtoto wa Turkana kula samaki wa barafu! Huo ni upendo.

Imebaki pasipoti. Leo tulienda naye ofisini. Karani, kijana wa Meru, mpole, amevaa miwani, alisema inatakiwa dhamana. Watu wawili wenye mali, wanaobaki hapa. Kijana akikwama huko, hao ndio watalipa arudishwe nyumbani. Na mali yao ijulikane.

Aule aliniangalia. Nikasema: Niko!

Nilirudi nyumbani nikafikiri. Tukihama, kuna mtu anabaki nyuma kwa boma la zamani. Anamwagia moto maji. Anatazama kama kuna mnyama amesahauliwa, na akimkuta anamleta. Nakal alisahau huyo. Au aliniachia nimtafute mwenyewe. Kari ana punda, Aule ana njia, na mimi ndiye wa nyuma. Akipotea huko kwa theluji, mimi ndiye nitamrudia.

Lakini ni wawili. Nani wa pili?

Ijumaa, 31 Agosti

Nilienda kwa Halkano kumwomba. Nilingoja watoke msikitini, hoteli ikajaa, ikapungua. Mdomo ulipofunguka nilijikuta naeleza vile nilimfinya mamba pua kule Ewaso Nyiro. Hadithi nzuri, watu waliipenda. Nikarudi nyumbani. Na Jumatatu ndiyo siku ya karani.

Jumatatu, 3 Septemba

Naandika nje ya ofisi. Wamefunga kwa chakula.

Asubuhi nilimleta Jenerali. Karani alisema mali ijulikane, na mali haijulikani kama haionekani. Nimempiga mswaki — kweli, na brashi ya Land Rover, Kari alinipa. Tukapita katikati ya mji, mimi mbele, Jenerali nyuma, Aule na Kari pembeni, na watoto wa shule wakaacha shule. Askari wa getini akauliza, mzee, huyu naye anataka pasipoti?

Na nani alikuwa amekaa kwa ngazi? Halkano! Kofia nyeupe, leseni ya hoteli mkononi. Nikamuuliza, unafanya nini hapa? Akasema: yule msichana wenu alikuja hotelini jana. Alikunywa chai, akalipa, akaniuliza, mzee Halkano, wewe kazi yako ni kuchekesha tu, ama unaweza kubeba pia?

Halafu akamwangalia Jenerali kutoka kichwa mpaka mkia. Lobokat, akasema, na zile ng'ombe mia tatu?

Nikasema: zimetangulia Norwe.

Hakucheka. Alinishika bega tu. Watu wake na watu wangu wameibiana ng'ombe tangu zamani, na hapa anaweka hoteli yake kwa mtoto wa Mturkana. Nilitaka kusema kitu. Mimi! Nikakosa.

Ndani karani alianza na Halkano. Hoteli moja, Isiolo, imeandikwa. Halafu mimi. Jina? Lobokat. Kazi? Nikasema dereva, mfanyabiashara, shujaa. Akaandika mfugaji. Akauliza: mzee, mifugo wangapi?

Aule aliangalia viatu vyake. Halkano aliangalia dari, yuko tayari kuapa na mia tatu kama nitasema mia tatu, nilimwona usoni. Kari aliniangalia mimi tu. Nikafikiria theluji. Nikafikiria, dhamana ya uongo ni kamba ambayo itatoka njiani.

Nikasema: mmoja.

Karani akainua macho.

Nikasema: mmoja. Lakini uliza ni mmoja wa namna gani!

Akaweka kalamu chini. Akasema, haya mzee, wa namna gani? Nikaanza na ule mwaka Jenerali alivuka jangwa na mzigo wa chumvi na mimi juu nikiwa nimezirai, na njia aliijua mwenyewe, na nyumbani alinishusha mlangoni kama mtoto. Hiyo ni kweli, karibu yote. Nilikuwa bado sijafika kwa habari ya fisi wakati kengele ya chakula ililia. Karani alisema nimalizie saa nane, na kabla hajaandika atakuja nje amwone na macho yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Halkano ametuma chai kutoka hotelini. Ya maziwa. Aule amelala ameegemea ukuta. Jenerali amepiga magoti kivulini, anatafuna hewa, na Kari ameshika kamba yake — hata sikumpa, sijui aliichukua saa ngapi. Ameifunga mkononi kwa fundo la Nakal.

Mlango unafunguliwa. Ni miwani ile ya karani, amekuja kumwona Jenerali. Kari hajavuta kamba, hajasema neno, na Jenerali ameanza kusimama mwenyewe, kama siku ya kuhama —