Uhusiano na Marehemu

Mwaitu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya leba, hawa wa mambo ya wafanyakazi hapa Kitui mjini, katika kurasa za nyuma za daftari la hesabu la mwanangu Mutinda. Kuna watu saba mbele yangu na afisa bado hajamaliza chai. Naandikia magotini, kwa hiyo ukiona herufi zinalala usinicheke. Ni wewe uliyekuwa ukiniambia nikishikwa na woga niipe mikono kazi, na hapa hakuna maharagwe ya kuchagua.

Nimekukosea, Mwaitu. Nilikukana. Sikukusudia, lakini nilikukana kwa kalamu ya buluu, na serikali ikapiga muhuri juu yake.

Ilikuwa hivi. Wiki chache baada ya mazishi, karani wa shule yako aliniita kando akaniambia mtu akiumia kazini na kufa kwa sababu ya majeraha hayo, wale aliokuwa akiwalisha wanaweza kulipwa fidia. Nilikuja hapa mwezi uliopita nikapewa fomu. Nilianza vizuri. Jina la marehemu, Kalunde Musyoka. Kazi, mpishi wa shule ya upili. Jinsi alivyoumia, nikaandika kwamba tofali la jiko lilivunjika, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ikapinduka ikiwa inachemka, ikamuunguza miguu yote miwili, na kwamba alilazwa wiki tatu mpaka akafa. Hapo nilipumzika kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yanataka kudondokea karatasi. Halafu nikafika palipoandikwa "Uhusiano na marehemu", nikaandika, "Mama mkwe wangu."

Sikufikiri hata kidogo. Hivyo ndivyo tulivyowaambia watu wa kliniki, walimu wa Mutinda na akina mama wa kanisa kwa miaka kumi na miwili. Mkono uliandika ulichozoea, kama mdomo ulivyozoea kukuita Mwaitu, mama.

Afisa alisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Sasa mama, bwana yako ako wapi? Kama huyu ni mama mkwe, bwana yako ndiye kijana yake. Leta kitambulisho yake. Kama alikufa, leta cheti cha kifo." Akanieleza kwamba mkwe peke yake hahesabiki, wanaohesabika ni mke, mume, watoto na watu wa karibu namna hiyo. Nami nikasema sawa. Mwaitu, nilisema sawa na kutoka nje, eti cheti nimekiacha tu mezani nyumbani. Wewe hukuwahi kuzaa, na mimi mtu mzima nimeiahidi serikali cheti cha kifo cha mtoto wako.

Shida ni karo. Mutinda mwaka ujao anaingia sekondari ndogo, na ng'ombe ambaye ulisema ni wa karo alienda na zile dawa tulizoambiwa tukanunue nje ya hospitali. Bila fidia hii Mutinda atakaa nyumbani. Lakini kuna kitu kinachonitisha zaidi ya karo. Kama mimi si mtu wako kwenye karatasi, basi mimi na watoto tunaishi kwenye boma la nani?

Sisi wawili tunajua ulinioa. Ulikuja kwetu Mbooni, mjane kutoka Kabati asiye na mtoto, ukapanda ile njia ya mlima kwa miguu kwa sababu ulisema bodaboda itakuangusha kabla hujapata mke. Baba alikuuliza unatafuta nini, ukamwambia unatafuta msichana wa kukaa naye nyumbani, azae watoto wa nyumba yako, kwa sababu umechoka kuongea na kuku. Baba alicheka mpaka akamwaga uji. Wakamba wana jina lake, iweto, mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake, na watoto atakaozaa wakawa wa mwanamke huyo, ili boma lisibaki tupu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Niliogopa sana siku ile, lakini nilipoona namna ulivyomaliza uji wa kwetu, ambao kila mtu anajua ni mchungu, nikajua utakuwa mtu wangu.

Na mbuzi watatu wa ntheo walikuja, wale ambao wakishapokelewa kwa kina msichana hakuna tena wa kusema hakuolewa. Aliyewaleta ni Mzee Nzioka, mdogo wa marehemu mume wako. Alisafiri nao kutoka Kabati nyuma ya pikapu, na mmoja akala ukingo wa kofia yake mpya kabla hawajafika. Uliisimulia habari hiyo kila Krismasi, naye alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Hiyo ilikuwa kabla hajawa mzee wa kanisa. Nilipomwendea na shida hii ya fomu, alisema, "Mama Mutinda, hiyo maneno ya iweto usipeleke kwa ofisi. Watu watasema nini kanisani? Sema tu Kalunde alikuwa na kijana, akakufa. Mimi nitashuhudia." Hakuwa na nia mbaya, Mwaitu. Alitaka watoto walipwe na jina lenu lisichekwe, yote kwa mara moja.

Basi tukakaa nje ya jiko lako tukaanza kukutengenezea mtoto. Mzee Nzioka alimwita Kyalo. Siku ya kwanza Kyalo alikufa kwa malaria miaka kumi iliyopita. Wiki iliyofuata alikuwa amegongwa na lori kule Salama. Nikamwambia Mzee kwamba Ndanu, mdogo wake Mutinda, ana miaka sita tu, sasa huyu Kyalo alikufa lini? Akavua kofia akajikuna. "Tutamsogeza mbele kidogo." Nilitaka kucheka. Nilianza hata kumwonea huruma huyo Kyalo, anasukumwa huku na kule na hata hajazaliwa. Kisha nikawaza kwamba nikiulizwa alikuwa mrefu au mfupi nitajibu nini, na kwamba kudanganya kwenye fomu ya serikali kunaweza kunitia ndani, na Ndanu atalala na nani.

Na bado kuna habari ya gambuti, zile buti ndefu za mpira. Shule imeandika barua kwamba uliumia kwa sababu hukuvaa gambuti, kwa hiyo kosa lako limo. Ni kweli hukuvaa. Lakini gambuti zilikuwa jozi moja kwa wapishi wanne, na asubuhi ile ilikuwa zamu ya mwenzako. Tofali nalo ulikuwa umewaambia mara mbili kwamba limepasuka, nakumbuka ulivyorudi nyumbani ukivua kitambaa kichwani, ukasema, "Wameniambia wameskia. Kuskia hakutengenezi jiko." Afisa ananiuliza kama nina shahidi wa hayo. Wenzako watatu wananisalimia kwa mkono laini na kuangalia pembeni, kwa sababu bado wanahitaji kazi. Siwalaumu, ila nimewakasirikia.

Nilienda shuleni kuchukua leso yako na ule mwiko wako mrefu. Mwaitu, sasa kila mpishi ana gambuti zake. Zimepangwa mlangoni mwa jiko, jozi nne nyeusi zinazong'aa, hata za yule aliyeajiriwa mahali pako. Nilizitazama mpaka wakaniuliza kama nimepoteza kitu. Nililia hapo hapo mbele ya wanafunzi waliokuja kuomba maji ya moto.

Sasa wamebaki watu watatu mbele yangu. Mzee Nzioka amefika kwa bodaboda, amevaa suti yake ya kanisa, ameketi mwisho wa benchi. Ameniinamia akaninong'onezea, "Malaria, si lori. Umeshika?" Nikamwambia nimeshika.

Hajui nilichokifanya. Asubuhi nilimwomba dada wa mlangoni hapa fomu nyingine. Nimeijaza yote upya, imekunjwa humu ndani ya daftari, na pale kwenye uhusiano na marehemu nimeandika neno moja: "Mke." Nimeliandika kwa nguvu hata limetoboa karatasi kidogo. Nikilisoma linanishtua kila mara. Sina shahidi wa neno hilo. Baba amekufa, wewe umekufa, na mtu pekee aliyebaki wa upande wako ameketi hapa karibu na mimi na malaria mkononi. Akikataa mbele ya afisa, nitakuwa mwongo mara mbili kwenye ofisi moja, na hakuna atakayenisikiliza tena.

Ningemwambia sasa hivi, lakini ninaogopa atainuka aende. Naogopa kila kitu leo. Naogopa hata mlio wa ule mlango.

Wanaita jina langu.

*

Nimerudi. Nimekaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Mzee Nzioka ameenda kutafuta chenji na sijui kama atarudi, kwa hiyo naandika haraka.

Afisa alifungua fomu. "Hapa umeandika mke." Nikasema ndiyo. "Mke ya nani?" Nikasema, wa huyu marehemu. Mzee Nzioka alikohoa nyuma yangu na kiti chake kikalia. Nilisema yote, Mwaitu, kwa sauti ndogo ambayo ungeikemea. Nilisema ulinioa, nilisema ile ya kwanza niliandika kwa mazoea na kwa aibu, nikaomba msamaha. Niliweka mezani vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mutinda Kalunde. Ndanu Kalunde. Nilikuwa nimesahau kwamba jina lako liko pale siku zote, sisi ndio tuliokuwa hatulisomi.

Afisa aliweka kalamu chini. Kisha akaacha Kiswahili akaniuliza kwa Kikamba, taratibu, kama ntheo ilipelekwa, na ni nani aliyeipeleka.

Hapo ndipo nilipokwama. Sikumgeukia Mzee. Niliona nikimwangalia itakuwa ni kumlazimisha, na wewe hukumlazimisha mtu kitu. Niliangalia kalenda ya ukutani. Nilihesabu Jumapili zake zote. Kisha nikaanza kukusanya vyeti vya watoto ili nitoke.

Mzee Nzioka akasema, "Mbuzi zilikuwa tatu. Nilipeleka mimi."

Afisa akamuuliza ana uhakika gani, miaka ni mingi. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili. "Moja ilikula kofia yangu."

Hakuna aliyecheka. Alisema kama mtu anayetaja jina la marehemu wake. Afisa akachukua kalamu akaandika, na nikamwona anaandika kweli, hata habari ya kofia.

Usifikiri imekwisha. Mzee atakula kiapo kwa maandishi, chifu atoe barua, halafu faili iende juu, na huko juu kuna watu wengine ambao labda si Wakamba na labda watashangaa. Afisa hakuniahidi kitu. Alisema ataisukuma, lakini huenda wakairudisha, na ile barua ya gambuti bado iko ndani ya faili, shule haijaiondoa. Nilipokuwa nikitoka alinirudishia ile fomu ya kwanza niichane mwenyewe. Nikisikia simu ikilia nitaruka.

Mzee Nzioka amerudi na chenji. Amekaa mbele yangu, anakoroga chai ambayo hajatia sukari. Ananiambia hajui Jumapili ataingiaje kanisani. Nimemwambia ungekuwepo ungemnunulia kofia. Ametabasamu kidogo, halafu ametoa leso akajifuta macho, na amesema, "Alikuwa shemeji yangu mzuri." Nimemwacha alie. Nami nalia huku nikiandika, mwenye kibanda anafikiri tumepigiwa simu ya msiba.

Sasa daftari linaisha na hesabu za Mutinda zinaanza upande ule mwingine. Nakuahidi hivi, Mwaitu. Fidia ije au isije, sitakuita mama mkwe tena mahali popote, iwe kliniki, iwe shuleni, iwe kwenye benchi la mbele la kanisa mbele ya mchungaji. Leo jioni kabla ya kupika nitamwita Mutinda na Ndanu, nitawaonyesha jina lao la mwisho, na nitawaambia ni nani aliyepanda mlima wa Mbooni kuwatafuta kabla hawajakuwepo. Habari ya kofia nitamwachia Mzee awasimulie Krismasi.

Pumzisha miguu, Mwaitu. Huko usisimame karibu na jiko.

Mke wako,
Mumbua