Jiwe Halimeng'enyeki

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha tano, kipindi cha nne. Nimechora seli ubaoni. Hunywa matone ya majimaji yanayoizunguka. Hupokea molekuli zinazonasa kwenye vipokezi vyake. Humeza chembe nzima, bakteria kwa mfano, kisha huimeng'enya. Wanafunzi walinakili. Mimi nilikuwa namwaza kaka yangu Masanja. Mama kapiga simu kutoka Rwamgasa: kikohozi kimerudi.

Alhamisi, 6 Machi
Masanja yuko kwangu, hapa Kambarage. Amekonda. Kamaliza dozi mbili za kifua kikuu bila nafuu. Makohozi hayana vimelea. Miaka tisa kwenye karasha, akisaga mawe ya dhahabu. Makavu.

Ijumaa, 7 Machi
Picha ya kifua. Daktari alionyesha kwa kalamu: madoa meupe pande zote mbili. Vumbi la mawe. Ugonjwa huu hauponi.
Nilijua kabla hajasema. Seli za ulinzi mapafuni humeza vumbi kama zinavyomeza bakteria. Jiwe halimeng'enyeki. Seli inakufa, vumbi linamwagika, seli nyingine inalimeza. Nayo inakufa. Linabaki kovu. Nazichukia kwa uaminifu wao.

Jumapili, 9 Machi
Nimemweleza Masanja. Alicheka mpaka akakohoa.
"Mwalimu, vumbi naliosha kwa maziwa kila jioni. Lita nzima!"
Karasha zima wanakunywa. Nikamwambia maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki mapafuni. Akauliza:
"Na Mama je?"
Mama anatwanga mawe uani tangu nikiwa mdogo. Anachekecha unga kwa kipande cha kitenge. Mimi, mwalimu wa bayolojia, sikuwahi kuwaza hilo. Aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Rwamgasa. Tulimkuta kwenye kinu, mweupe hadi kope.
"Shikamoo, Mama."
"Marahaba. Mnashangaa nini? Shikeni mchi."
Nikamwomba aache. Basi angalau alowanishe mawe, vumbi lisiruke.
"Unga mbichi haupiti kwenye kitambaa. Shule hawakukufundisha?"
Masanja akauchukua mkono wa Mama, akauweka kifuani pake. Akavuta pumzi. Iliishia nusu.
Mama hakuutoa mkono.

Jumapili, 16 Machi
Mama hakutwanga leo. Kapika ugali na mlenda. Masanja kala kidogo, akipumzika kati ya tonge na tonge.
Nikiosha vyombo nilimsikia Mama akikohoa jikoni. Mara mbili.
Moshi, alisema.
Moto ulikuwa umeshazimika.