Vipande Viwili vya Katikati

Brussels, Septemba 1993

Maman yangu mpendwa,

Nakusalimia sana, wewe na wote huko Bukavu. Goti limepona, ama bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Mimi ni mzima, ila nimekonda kwa sababu ya ule mtihani wa falsafa nilioshindwa mwezi wa sita. Kushindwa tena kungekuwa kufukuzwa chuoni, na bila chuo sina karatasi za kukaa hapa.

Juzi nikaitwa kuurudia, kwa mdomo, mbele ya profesa. Akauliza juu ya mstari wa Wagiriki wa kale. Walisema hivi: kata mstari vipande viwili visivyo sawa, kisha kila kipande ukikate tena kwa uwiano uleule. Cha chini kabisa ni vivuli, cha pili ni vitu tunavyovishika, cha tatu ni hesabu, cha juu ni ujuzi wa kweli wenyewe. Akanipa chaki nichore. Nikachora, mstari ukaenda kombo, na rula hakuna.

Basi nikafanya kama wewe ukikosa utepe wa kupimia. Nilichana ukingo wa daftari, nikaukunja sehemu tatu sawa, nikakata theluthi moja. Kila kipande nikakifanyia vilevile. Kuvipanga mezani, viwili vya katikati vikatoka sawasawa! Nikaogopa, Maman. Wenzangu wote huchora cha tatu kirefu kuliko cha pili, kwa kuwa kiko juu zaidi.

Profesa akavilaza kimoja juu ya kingine. "Kwa nini vinalingana?"

"Theluthi ya theluthi mbili, na theluthi mbili za theluthi, ni kitu kimoja," nikasema. "Hata ukikata kwa uwiano mwingine, vitalingana. Ni kama gauni na karatasi ya kulikatia: kipimo ni kimoja, kinachobadilika ni namna ya kukijua."

"Umefundishwa na nani?"

"Na mama yangu. Anashona nguo mtaa wa Kadutu, Bukavu."

Nimepita, Maman! Seize sur vingt, kumi na sita juu ya ishirini! Kaka yako, Tonton Célestin, alipiga kelele ngazi nzima hapa kwake, mtaa wa Molenbeek: "Bon, mutoto ya dada yangu amepita! Alors leo hakuna muntu atapika, tunaenda kula inje!"

Unisalimie nyanya, na dada Furaha na mume wake. Na padri akikuuliza tena mbele ya watu shule uliishia wapi, usiinamishe kichwa. Mwambie kuna profesa huku Ulaya ameomba abaki na vile vipande vinne vya karatasi, avitumie kufundishia.

Mtoto wako anayejivunia kuzaliwa na wewe,
Espérance