Klachi Iliyozama Gumbo

Juba, Jumamosi, 8 Machi

Wifi yangu Rose,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili la kuotesha maharagwe. Nimefika salama, na gari la marehemu kaka yako pia, ingawa jana nilikaribia kuliacha njiani. Pale Gumbo, kabla ya daraja la kuingia Juba, pedali ya klachi ilizama ghafla ikakataa kurudi. Madereva wakanizunguka. "Mama, klachi imekufa. Hii mzee uza spea tu!" Nikaanza kulia.

Fundi mmoja Mganda akaweka chai yake chini. "Nyinyi munazika gari inapumua bado!" Akainua zulia chini ya pedali, akalikuta limelowa mafuta. Kumbe ni mpira wa silinda ya klachi uliopasuka. Akaubadilisha, akajaza mafuta, akatoa hewa. Kisha akawasha injini, akatia gia ya tatu, akavuta breki ya mkono na kuachia klachi taratibu. Injini ikazima papo hapo.

"Unaona? Pleti ya klachi inashika bado; ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea kunguruma tu. Na gari imetembea kilomita yote hii! Nani alikuwa anaendesha?"

"Mume wangu. Ametutoka."

Akavua kofia. "Pole, mama. Huyo hakuwa analalia klachi, kuacha mguu juu ya pedali bila sababu. Alikuwa na mguu ya heshima."

Tangu msiba nimepewa pole nyingi, nami nashukuru. Lakini mtu huyu, ambaye hakumjua, alinieleza jambo jipya juu yake. Nimeona nisilifiche.

Wabusu watoto. Mkikaa kusali, nitajeni na mimi.

Wifi yako,
Selina