Tasbihi Yangu Ndani ya Treni ya Delhi

Mjukuu wangu Hodan,

Asalaam aleikum kutoka Garissa. Mvua imenyesha, na ngamia wa mjomba wako amezaa.

Unauliza kama abiria wa treni za Delhi ni wa kuaminika. Nilipompeleka babu yako hospitali huko, sikumwamini yeyote. Nilihesabu vituo kwa tasbihi, punje moja kila kituo, tisa hadi hospitali. Asubuhi ya upasuaji wake nilisinzia ndani ya treni nikienda kwake wodini. Nilipozinduka nilikuwa nimeshika punje ya tisa. Bibi niliyeketi naye, aliyekuwa akiitazama tasbihi yangu, akaninyooshea vidole saba.

"Huyu anataka nipitilize," nikawaza, nikashuka. Hapakuwa na hospitali; kilikuwa kituo cha saba, vidole vyangu vilisogeza punje mbili usingizini. Treni ikiondoka nilimwona dirishani, vidole saba bado viko juu.

Babu yako aliingizwa chumba cha upasuaji kabla sijafika. Alipona, alhamdulillahi. Aliponiuliza nilikuwa wapi, niliisingizia treni.

Ni mimi, ayeeyo wako.