Kunguru Waliouona Uso Wangu

Jumapili, mwisho wa Agosti. Upepo, vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, jua kali tangu asubuhi.

Kunguru wako juu ya bati letu. Nasikia kucha zao zikikwaruza juu ya kichwa changu ninapoandika. Nikitoka kwenda chooni wanashuka kwa kelele, na mmoja wao hunigonga kisogoni. Nimejifunza kutembea na sufuria kichwani. Majirani wanatazama. Wiki iliyopita walikuwa wanacheka. Leo hakuna anayecheka.

Niandike kwa mpangilio, labda na mimi nitaelewa.

Dhahabu ilipoonekana kwenye mashamba ya mihogo, huku kwetu upande wa Kemambo, watu walichimba mpaka ukingoni mwa makaburi. Mashimo yao tunayaita maduara. Wachimbaji walileta mama lishe, mama lishe wakaleta makombo, makombo yakaleta kunguru, hawa wetu wa bara wenye kizibao cheupe kifuani. Kunguru akitua kwenye gogo la mdomo wa duara akalia, wachimbaji wanasema ameshanusa maiti ya mtu ambaye bado anapumua. Siku hiyo hashuki mtu.

Dawa yao ni kuua kunguru mmoja na kumning'iniza miguu juu penye mdomo wa duara. Wenzake wakimwona wanakuja kundi zima, wanazunguka wakilia kama watu wa msibani, kisha wanapahama mahali pale. Nimesomea biolojia chuo kikuu na nakiri kwamba inafanya kazi. Ila anayeshuka chini hatakiwi kumgusa ndege huyo, wala mwanamke ambaye bado anazaa. Kazi hiyo huitiwa bibi aliyemaliza uzazi. Mwita, mwenye duara kubwa kuliko yote, alimwita mama mkubwa Bhoke, dada wa mama yangu. Alimpa kitenge na sukari. Mama mkubwa akamnasa kunguru kwa kitanzi na tonge la ugali, akamnyonga, akamtundika.

Wenzake wakauona uso wake.

Hilo wachimbaji hawalijui. Kunguru akikuona umeshika maiti ya mwenzake, anaukumbuka uso wako kwa miaka, na makinda wake wanajifunza kukuchukia hata kama hawakuwepo. Kuanzia siku ile walimfuata mama mkubwa kisimani, shambani, kanisani. Walimvua kilemba njiani. Mwanzoni hata yeye alitania: "Wachumba hawa! Uzeeni ndiyo napendwa."

Kisha mvua ikanyesha, duara la Mwita likaporomoka na kumfunika mdogo wake, Marwa.

Siku ya mazishi mama mkubwa alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji. Kunguru walimpata huko huko. Mchungaji alilazimika kunyamaza kwa sababu ya kelele zao. Mwita aliinua macho kutoka kaburini, akatazama juu, akafuata kwa macho walikokuwa wanashukia, mpaka akamfikia yeye.

"Hata ndege wanamtaja," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Haikuhitajika.

Likaitwa ritongo, baraza la mila la kijiji. Wazee walisema mama mkubwa ni mchawi, ahame na nyumba yake ichomwe. Ana miaka mingi na magoti mabovu, na binti yake aliyeolewa Isebania alishasema hana nafasi. Nikasimama. Nikaeleza habari za kunguru na nyuso, kwa utaratibu, kama niko mbele ya darasa.

"Madamu," aliuliza kijana mmoja wa karasha, "huyo kunguru amefika kidato cha ngapi?"

Walicheka mpaka wazee. Mwita peke yake hakucheka.

Niliomba Jumamosi moja tu. Nikasema nitawaonyesha kwamba mtu yeyote akifanya alichofanya mama mkubwa, kunguru watamfuata vile vile. Nataka niliandike hili bila kulipamba: nilipokuwa nasema, sikuwa nawaza nyumba yake. Nilikuwa nawaza kile kicheko.

Nilimnasa kunguru wangu Jumatatu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, mfupa na manyoya tu, moyo ukimdunda kwenye kiganja changu. Jicho lake lilinitazama, likafumba, likanitazama tena. Kwenye maabara tulipewa waliokwisha kufa. Shingo haikuvunjika mara ya kwanza. Alipiga kelele na wenzake wakaja, nikakaza mikono, nikazungusha tena, na katikati ya woga nilihisi kitu kinachofanana na furaha.

Nilisimama uwanjani nikiwa nimemwinua juu, watu wakitazama, kunguru wakinizunguka kichwani kama moshi.

Tangu hapo mimi na mama mkubwa tulikuwa na msafara mmoja. "Madamu, wanafunzi wako wamefika!" vijana walipiga kelele nikipita. Nilifurahi. Kila kelele ilikuwa ushahidi wangu.

Nilimfundisha mama mkubwa kitu kingine pia. Nilimfunika khanga kuanzia kichwani, nikaacha nafasi ndogo ya macho, nikamwambia avuke uwanja. Kunguru walikuwa kwenye mti wa mkaratusi na hakuna aliyeinuka. Wanajua uso, na uso hawakuuona. Lakini yeye aliitupa khanga.

"Nijifiche kama mwizi? Nimeiba nini?"

Nilimpenda sana wakati ule.

Jana Jumamosi tukaenda kwenye ritongo, mimi na yeye bega kwa bega, nyuso wazi. Kunguru wakaja. Waligawanyika, wengine kwake, wengine kwangu, vizuri kuliko nilivyoomba. Nikapaza sauti: "Mnaona? Kama huu ni uchawi, basi na mimi ninao. Na mimi mmeniona nikizaliwa."

Pakawa kimya. Nilidhani ni ukimya wa watu walioshindwa hoja.

Mwita akasema taratibu, "Kumbe."

Kisha akamgeukia mama mkubwa. "Mama Bhoke, umempa?"

Ilinichukua muda kuelewa anauliza nini. Mama mkubwa alielewa mara moja. Alinitazama. Nilisubiri acheke, atupe maneno kama alivyotupa khanga. Midomo yake ilitetemeka.

"Nimempa," alisema. "Mimi nimezeeka, sina kitu tena. Vyote anavyo yeye. Aliniomba mwenyewe."

Aliniomba mwenyewe.

Neno hilo la mwisho hakuna aliyemuuliza. Aliliongeza yeye, ili lishike.

Watu walimpisha njia. Mwanamke mmoja alimshika mkono kwa sababu ya magoti yake. Mimi nimepewa mpaka Jumamosi ijayo niwe nimeondoka. Hawatachoma nyumba, kwa kuwa ni ya baba yangu, na baba alishazikwa kwa heshima.

Nilimwambia mama yangu kila kitu tulipofika nyumbani, tangu mwanzo, mpaka koo likakauka. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Alikupa lini?" akauliza.

Usiku alinisogezea sahani kwa mguu.

Na asubuhi hii. Nilikuwa mlangoni, kunguru juu yangu wakipayuka, mama mkubwa alipopita kwenda kanisani. Alikuwa amejifunga khanga kuanzia kichwani, ameacha nafasi ndogo ya macho, kama nilivyomfundisha. Kunguru hawakumgeukia hata mmoja. Wanawake wenzake walikuwa wanamwonyesha kidole kwa furaha: tazama, wamemwacha, wamehamia kwa yule msomi. Mmoja alisema, "Mungu ni mwema."

Hakuwasahihisha.

Nimekaa siku nzima na jambo moja. Khanga ile imefungwa kwa fundo dogo chini ya sikio, nililifunga mwenyewe mara ya kwanza. Mkono mmoja unatosha. Nikiivuta mbele ya watu, kunguru watamshukia pale pale, na watu watajua amewadanganya. Sitasafishwa mimi. Watatufukuza wote wawili, na nyumba yake itaungua, kwa sababu yeye hana mume aliyezikwa kwa heshima. Hilo nalijua vizuri kama nilivyojua mengine yote.

Najaribu kumhurumia. Alikuwa anaogopa, ni mzee, magoti yake. Naandika maneno haya na hayaingii ndani. Kinachoingia ni ule uso, midomo ikitetemeka, kisha ikitulia baada ya kupata la kusema.

Kunguru hawa angalau wananichukia kwa jambo nililofanya. Waliona mikono yangu, wakaona shingo ya mwenzao. Hawakuongeza neno.

Kesho asubuhi mama mkubwa atapita tena hapa kwenda kisimani, na wanawake watakuwa naye. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Nimejiuliza mkono wangu utafanya nini, na kila nikijiuliza nauona ule uso wake waziwazi zaidi.

Na mimi nimeuona uso.