Samaki Wako Hawakuliwa Matangani

Yaya Mwamini, mke mwenzangu na mkubwa wangu,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba, maana nyingine sizijui. Wewe hukusoma hata hizo. Basi huko uliko tafuta mtu akusomee, na asiwe mropokaji.

Kwanza samaki. Wapo. Najua ungeuliza hilo kabla ya kuuliza habari za mume wetu.

Siku ya pili ya matanga yako kaka zako walifika kutoka Wamaza na watu wengi. Mkubwa wao akasema bwawa lako la samaki lifunguliwe. Mali ya marehemu hulisha waombolezaji, ndiyo desturi, sikatai. Lakini walibeba majembe wabomoe ukingo, maji yatoke yote, waokote wakubwa kwa wadogo, pasibaki hata wa mbegu. Mume wetu akatazama chini. Yaya, nilikwenda nikakaa juu ya ukingo, kwenye matope, na nguo yangu ya msiba. Nikawaambia: "Mbuzi yangu iko pale, muchinje. Hapa hamutafungua."

Unajua walichosema. Mke mwenza anayenyima matanga chakula, watu watamfikiriaje? "Huyu muke mwenza anafurahi! Hata samaki ya maiti anataka kula yeye peke yake!" Dada yako alinitemea mate. Mimi! Mimi uliyekuwa ukinitania mbele ya wageni, "Bwana alikuoa, lakini ni miye nilikuchagua." Nililia mpaka kamasi zikanitoka, ila sikuondoka pale.

Ningewaelezaje? Hawakuwepo Saidi wangu alipoachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu, akawa hacheki na mtu. Bwawa lenyewe wanaume walilichimba kwa amri ya mzungu wa kilimo, na mzungu alipohamishwa wakaliacha likajaa majani. Ukaingia wewe, na ule mguu wako mbovu. Ukaziba ukingo, ukawalisha samaki pumba za mpunga na mchwa. Nilikucheka sana. Nilisema samaki wa shimoni si kitoweo, samaki ni wale wakavu wanaoletwa kutoka Nyangwe. Ulichambua miiba kwa vidole, ukamlisha Saidi tonge kwa tonge, kila siku, hata alipokutapikia. Siku alipocheka tena alikuwa mapajani mwako, si mwangu. Niliona wivu, nawe uliona kwamba nimeona wivu, tukacheka wote.

Basi mbuzi wangu aliliwa, na ukingo haukuguswa.

Kaka yako mkubwa hajanisalimu mpaka leo. Lakini mwezi uliopita mkewe alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni, na mtoto ana uvimbe uleule ninaoujua. Hakutaja matanga, wala mimi sikuyataja. Nilimpikia samaki wawili, nikaketi nikamchambulia mtoto miiba. Walikaa kwetu hadi mtoto akaanza kuomba chakula mwenyewe. Walipoondoka nilimpa chungu cha maji chenye vifaranga vya samaki, nikamwonyesha namna ya kukibeba bila kukitikisa. Sijui kama vifaranga walifika hai, njia ni ndefu na jua lilikuwa kali.

Wengine bado wananisema. Midomo ya watu nimeizoea. Nisichokizoea ni kwenda bwawani asubuhi peke yangu, naona jambo la kuchekesha, nageuka nikuambie, na hupo. Nakukumbuka sana, yaya. Nilikuja nyumba hii nikiogopa kukuta adui, nikakukuta wewe.

Pumzika sasa, mguu hauumi tena. Nami nakuahidi: ukingo ule hautabomolewa kwa msiba wowote wa nyumba hii, hata wangu. Nimeshamwambia Saidi na wadogo zake, na wamecheka wakidhani natania. Siku nikifa, watakaokuja kunililia wapikiwe sombe, majani ya muhogo tu.

Mdogo wako,
Asha